Masikio Yaliyopigwa Msasa

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na fundi wa masikio. Ni daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Amesema niandike kila siku mambo matatu: nimevaa mashine za kusikia kwa muda gani, wapi panauma, na nimesikia nini. Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya mashine ya kusaga, natia nafaka juu na kupokea unga chini, na mashine hiyo ndiyo iliyokula masikio yangu. Akacheka, akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: HATA NENO MOJA LINATOSHA, MZEE.

Aliyenipeleka kliniki ni binti yetu mkubwa. Mtoto wake, ambaye kwa kuongea kwake tunamwita Chiriku, alimwambia kuwa Babu hampendi, maana akimsemesha hajibu. Binti yangu hakunibembeleza. Alinishika mkono kama anayempeleka mtoto kuchanjwa.

Nimevaa: saa mbili. Panauma: sikio la kushoto, juu. Nimesikia: vitu vyote kwa mpigo, kama nimeingizwa ndani ya mashine yangu mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Saa moja. Panauma. Kijiko kwenye kikombe ni nyundo kwenye bati.

Jumatano, 6 Machi

Sikuvaa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimevaa kwa sababu mke wangu alisimama mlangoni akapiga kelele, "Vaa mashine zako!" Hata jirani, fundi viatu, alitoa kichwa dirishani. Mama watoto siku hizi amekuwa mtu wa kufoka. Tulipooana hakuwa hivi. Kila neno ni la juu, uso umekunjamana, mishipa ya shingo imesimama. Mimi hunyamaza, naye hunyamaza, tukakaa hivyo mpaka chakula.

Nikiongea, sauti yangu inavuma kichwani kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Mashine zinapiga mluzi nikitafuna. Miguu ya miwani nayo inagombea nafasi nyuma ya sikio. Nimevua baada ya chakula.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi kliniki. Fundi ni binti wa umri kama wa mwanangu wa mwisho, ana vidole vyembamba na taa ndogo kwenye paji la uso. Kumbe kile kizibo kinachoingia sikioni kimetengenezwa kwa sikio langu peke yangu. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya daftari hili, walinimiminia ujiuji wa baridi sikioni, ukaganda, wakautoa, na kutokana na huo wakatengeneza kizibo. Nilikishika kwenye kiganja leo na kukitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kina mikunjo na mabonde. Miaka sitini na mitatu nimebeba hiki kitu pembeni ya kichwa bila kujua kina umbo gani.

Nikamweleza habari ya pipa. Hakunicheka. Alichukua kekee nyembamba kama sindano akatoboa tundu dogo katikati ya kizibo, ili sauti yangu ipate pa kutokea. Akakata mrija ukawa mfupi, mashine ikakaa vizuri nyuma ya sikio. Akapinda kidogo miguu ya miwani yangu. Kisha akaunganisha waya kwenye kompyuta yake, akapunguza sauti kali.

"Sema kitu, mzee."

"Niseme nini?"

Nikashtuka. Ilikuwa sauti yangu. Si ya pipa. Ya kwangu kabisa, ila imezeeka.

"Ndiyo wewe," akasema. Na nikamsikia bila karatasi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu.

Sijui niandikeje. Nilikuwa kitandani mchana, mashine masikioni, usingizi unaninyemelea. Nikasikia mtu anatembea juu ya bati kwa kucha. Hatua moja, kisha mbili, kisha wengi. Nikainuka nikidhani ni ndege. Halafu wakaja wote kwa pamoja.

Miaka mingi mvua kwangu ilikuwa kitu cha kuona. Unatazama nje, ardhi imelowa, basi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mvua inasema. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, nikaisikiliza yote mpaka ikakatika. Baada ya kukatika kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kinadondoka pale pale: tone kutoka kwenye ukingo wa paa likiingia ndooni. Nilihesabu matone sitini nikaacha kuhesabu.

Nimevaa: saa tano. Hapaumi sana.

Alhamisi, 14 Machi

Ndala zina sauti. Karatasi ina sauti. Kumbe hata kitambaa.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimeaibika, lakini nitaandika.

Nilikuwa sebuleni. Nikasikia kutoka chumba cha pili mwanamke anaongea na binti yangu. Sauti ya chini, laini, ina kicheko kidogo mwishoni mwa sentensi. Nikajua tumepata mgeni. Nikabadilisha shati, nikachana nywele, nikaenda kusalimia.

Ndani walikuwa wawili tu, mke wangu na binti yetu, wanakunja nguo.

"Mgeni yuko wapi?" nikauliza.

"Mgeni gani?" akasema mke wangu, kwa sauti ile ile ya mgeni.

Nilisimama hapo na shati langu safi. Binti yangu akanitazama, akamtazama mama yake, akaelewa haraka kuliko mimi. Akaweka nguo chini akatoka.

Mke wangu, kwa mazoea, akavuta pumzi ili apaze sauti. "NIMESEMA, MGENI..."

"Usipaze," nikamwambia. "Nakusikia."

Akafunga mdomo. Tukatazamana. Akanipa ncha moja ya shuka tukakunja pamoja.

Jumatano, 20 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Unyevu unaingia kwenye mrija, sauti inakatika. Kushoto panauma tena.

Alhamisi, 21 Machi

Panauma.

Ijumaa, 22 Machi

Panauma. Tuliyefungua naye mashine ya kusaga ni shemeji, mdogo wake mke wangu, mtu wa utani asubuhi hadi jioni. Leo ameniambia nimekuwa kama redio, kila nikigeuka napiga mluzi. Kazini navua na kuvaa vikinga masikio, kama fundi alivyoagiza. Lakini hata nikiwa nimevua, pale juu panawaka moto.

Jumamosi, 23 Machi

Panauma. Mama watoto ameuliza kama nitarudi kliniki. Nimesema ni jambo dogo.

Jumapili, 24 Machi

Panauma. Nimevua zote mbili. Nikivaa moja tu nahisi dunia imelalia upande. Nimeziweka mfuko wa shati. Kusema kweli, kimya kilikuwa kitamu.

Jumanne, 26 Machi

Herufi za leo zitavumiliwa.

Leo hatukusaga, chekeche la mashine limepasuka na tunasubiri jipya. Nilikuwa nyumbani, sebuleni, nashona magunia yaliyochanika. Mashine za masikio zilikuwa mfukoni. Mvua ilianza saa tisa, niliiona dirishani. Nikaendelea kushona. Nilishona magunia manne. Nakumbuka niliridhika na kazi yangu, mshono umenyooka.

Saa kumi mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa teke, nikauona, sikuusikia. Shemeji akaingia amembeba dada yake. Maji yanawachuruzika wote wawili. Uso wa mke wangu ulikuwa rangi ya jivu, na mguu wake wa kulia umeelekea mahali mguu hauelekei.

Alikuwa ametoka kuanua nguo mvua ilipoanza. Ameteleza kwenye saruji pembeni ya tangi la maji. Hatua kumi na mbili kutoka kiti changu. Nimezipima jioni hii. Ukuta mmoja na dirisha lililo wazi. Alilala pale saa nzima chini ya mvua, mimi nashona.

Shemeji alikuwa amepita tu kuchukua mkanda wa mashine. Kama si mkanda huo, sijui.

Nikaona midomo ya shemeji inakwenda. Nikatoa mashine mfukoni nikavaa kwa pupa, hata sikujua ipi ya kulia. Neno la kwanza lililoingia lilikuwa lake: "...mfukoni! Umeziweka mfukoni! Dada yangu anakuita, wewe masikio umeyaweka mfukoni!"

Mke wangu akasema, "Mwache." Kwa sauti ile ya chini. "Tafuta gari."

Gari likapatikana. Hospitali wamesema kifundo kimevunjika mahali pawili. Wamemfunga plasta mpaka gotini, wiki sita. Yuko salama. Njia nzima alinishika mkono, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenipiga ningeelewa.

Jumatano, 27 Machi

Shemeji amekuja kumwona dada yake. Mimi hakunisalimia.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekwenda kliniki peke yangu, kwa miguu, mvua inanyesha. Sikuwa na miadi. Nikakaa kwenye benchi mpaka fundi akaniita. Akafungua daftari hili kabla hajafungua sikio langu.

"Panauma, panauma, panauma, panauma, panauma," akasoma. "Siku tano, mzee. Mbona hukuja?"

"Sipendi kulalamika."

"Nani kakwambia hili ni daftari la kulalamika? Ni la kunionyesha mimi pa kupiga msasa."

Nikamweleza ya Jumanne. Nilijaribu kuyasema kama mtu anayetoa taarifa, nikashindwa katikati. Akazima taa ya kichwani. Akangoja. Hakunipa pole za haraka haraka. Nilipomaliza akaiwasha tena, akatazama ndani, akavuta hewa kwa meno.

"Pamechubuka. Ningekuwa mimi ningetupa mtoni kitu hiki."

Akaniwekea kioo. "Vaa nione."

Nikavaa. Akatikisa kichwa. Kumbe nilikuwa nakiingiza vibaya tangu mwanzo. Kizibo kina ncha ya juu, kama ulimi, ambayo lazima ikae chini ya kikunjo cha sikio. Mimi nilikuwa nakisukuma tu kama kizibo cha chupa, ile ncha ikawa juu ya nyama inanikwangua siku nzima. Ndiyo maana pia kilikuwa kinapiga mluzi: hakikuwa kimekaa. Unavuta sikio nyuma kwa mkono mwingine, unaingiza kwanza ile sehemu ndefu ya kuingia tunduni, wanayoiita mfereji, unazungusha kuelekea nyuma, ncha inajificha yenyewe. Nimefanya mara ishirini mbele ya kioo.

Hata hivyo, alikiri, kuna sehemu yeye pia alikosea: penye ukingo palikuwa na ukali. Akachukua msasa laini, akakwangua, akapuliza vumbi, akapitisha kidole, akakwangua tena. Nimefanya kazi ya kupitisha unga vidoleni maisha yangu yote kujua kama umelainika, kwa hiyo nilijua anachotafuta. Nikaomba nijaribu. Nikapitisha kidole gumba changu pale.

"Bado kidogo," nikasema. "Upande huu."

Akapitisha chake. "Kweli," akasema, na akakwangua tena. Tulifanya hivyo, yeye msasa, mimi kidole, mpaka tukakubaliana.

Amenipa kipampu kidogo cha mpira cha kupulizia unyevu kwenye mrija. Kushoto nipumzike siku nne, nipake dawa. Kulia nisivue ila kulala na kuoga.

"Dunia italala upande," nikamwambia.

"Ilale. Siku nne tu."

Jumatatu, 1 Aprili

Kidonda kimekauka. Nimevaa zote mbili asubuhi, mfereji kwanza, zungusha, ncha ndani. Saa nne nikatafuta mashine zangu kila mahali, kwenye meza, chini ya mto, mfuko wa shati. Nikamuuliza mke wangu kama ameziona.

"Unanisikia?" akauliza kutoka kitandani.

"Nakusikia."

"Basi ziko masikioni, mzee."

Alicheka mpaka plasta ikamuuma. Sikuwa nazihisi. Hata kidogo.

Alhamisi, 4 Aprili

Nampikia chai, nampelekea maji ya kuoga, namsukumia mto chini ya mguu. Leo nilikaa kando ya kitanda nikamuuliza swali lililonikaa moyoni tangu siku ile.

"Uliniita mara ngapi?"

"Mara nne."

"Saa nzima, mara nne?"

"Nilikuita mara nne, nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

Akatazama dirisha. "Nilishazoea."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Baadaye nikamwambia nilivyokuwa nimeandika humu, kwamba amekuwa mtu wa kufoka. Sikutaka niwe na neno juu yake limefichwa kwenye daftari. Akashangaa sana.

"Mimi? Nafoka? Nilikuwa napaza sauti ili unisikie! Unajua koo langu limeuma miaka mingapi?"

Kila usiku kabla ya kulala husukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nimemwona akifanya hivyo miaka na miaka. Nikadhani ni tabia tu, kama mwingine anavyopiga mswaki mara mbili. Ilikuwa mimi. Nilikuwa kooni mwake muda wote huo.

Jumapili, 7 Aprili

Chiriku amekuja na mama yake. Binti yangu alimwambia Babu ana masikio mapya, naye hakuamini. Akaamua kunipima. Akasimama mbele yangu, akaniambia nifumbe macho, akanong'ona, "Babu."

"Naam."

Akarudi nyuma hatua moja. "Babu."

"Naam."

Hatua kwa hatua, ananong'ona, mimi naitikia, mpaka akafika mlangoni. Pale sauti ilikuwa nyembamba mno, kama uzi. Lakini niliipata. Nikaitika. Kukawa kimya. Nikafumbua macho nikijua nimeshindwa hatimaye, nikakuta hanong'oni kitu. Amesimama tu mlangoni, mikono kinywani, ananitazama kama mimi ndiye kiini macho.

Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka jioni. Ana sauti ya kukwaruza kidogo. Hilo sikulijua. Miaka mitano ya huyu mtoto, na sikujua kama sauti yake inakwaruza.

Ijumaa, 12 Aprili

Saa kumi na tatu. Hapaumi.

Jumatano, 17 Aprili

Chekeche jipya limefika, tumefungua. Nilifika kabla mashine haijawashwa, kwa hiyo sikuwa nimevua. Shemeji hakuniona, alikuwa dirishani anaongea na wateja wawili wanawake. Mmoja alisema yule mzee mwenye mashine ana majivuno, unamsalimia anakupita.

"Haringi, mama," shemeji akasema. "Hasikii. Ukitaka salamu yako ifike, mguse bega. Ni mtu mwema kabisa."

Akalisema haraka, kwa kuchoka, kama neno alilokwisha kulisema mara mia. Na bado hajanisalimia tangu siku ya tangi.

Niliingia, nikamgusa bega. Akageuka.

"Nimesikia," nikasema.

Akanitazama masikio, moja, kisha la pili. Akakohoa. "Basi na mimi nitaacha kukusengenya," akasema. Akaniletea vikinga masikio, akavining'iniza mwenyewe shingoni mwangu, akaenda kuwasha.

Jumatatu, 22 Aprili

Kliniki. Fundi ametazama, amegusa, amebonyeza nyuma ya sikio. Hakuna wekundu. Amepandisha sauti kidogo kwa sababu sasa masikio yamezoea. Nikatoka nje nikasikia majani ya mti wa pale uani. Nilidhani yuko mtu anafagia. Nilizunguka mti mzima kumtafuta.

Amesema daftari si lazima tena. Nimemwambia bado kurasa zimebaki.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua nyepesi. Tumeisikiliza wote wawili, hatukusema neno.

Jumatano, 8 Mei

Wamemtoa plasta jana. Mguu umekonda, ngozi kama ya mtoto. Anatembea kwa fimbo, anaitukana fimbo.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua zimekwisha. Anga safi, njia inakauka.

Asubuhi nimejiandaa kwenda kazini kama siku zote. Mama watoto alikuwa amesimama bila fimbo kwa mara ya kwanza, amejiegemeza mezani, anafuta vikombe. Nikachukua kofia. Nikatoka. Nikiwa nimeshavuka kizingiti, mgongo ukiwa kwake, nikasikia nyuma yangu, chini kabisa, kama mtu anayejisemea:

"Haya, mume wangu. Uende salama, urudi salama."

Niligeuka. "Amina. Nitarudi."

Kikombe kikamponyoka. Hakikuvunjika, kilibiringika tu mezani.

"Umesikia?" akasema.

"Nimesikia. Umesema kwa sababu ya mguu? Kwa sababu ya mambo yaliyotupata?"

"Nasema kila siku. Wiki hizi za plasta nilikuwa nasemea kitandani tu."

"Kila siku tangu lini?"

"Tangu tulipooana." Akakishika kikombe, akakifuta mahali palipokwisha kufutwa. "Zamani ulikuwa unaitika. Halafu ukaacha. Nikadhani umenichoka, nikalia mwaka mzima. Baadaye nikajua ni masikio. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea, nikaendelea."

Nilijaribu kupiga hesabu. Miaka kumi na moja, labda kumi na miwili, kila asubuhi, mgongo wangu unatoka mlangoni na maneno hayo yanaufuata. Jua, mvua, siku tuliyogombana, siku aliyokuwa mgonjwa. Nilikwenda na kurudi salama siku zote hizo, nikadhani nimekwenda peke yangu.

Nikarudi ndani, nikatundika kofia mahali pake.

"Huendi kazini?" akauliza.

"Nakwenda."

Nikachukua kofia tena. Nikatembea polepole hadi mlangoni, nikavuka kizingiti, nikampa mgongo, nikangoja.

Nilisikia anavuta pumzi, na nilisikia jinsi inavyotetemeka.

"Haya, mume wangu," akaanza.